Jeshi la Sita: katika watu mia, walirudi sita

Maneno haya yalisemwa na komite mbele ya mkutano mkuu wa chama. Tunayachapa hapa juu ya wanachama ambao barabara na mvua ziliwazuia kufika, na juu ya wafadhili wetu.



Mnakumbuka namna tulivyoachana katika mkutano uliopita. Hatukuachana vizuri. Mambo mawili yalibaki mezani na makelele yakawa mengi.

La kwanza ni daftari la pili. Chama kiko na madaftari mawili. La kwanza ni la waliorudi: jina la familia, watoto wangapi, mabati, jembe, mbegu, nani amelipa mchango na nani bado. La pili ni la wale ambao hawakurudi. Waliopotelea njiani mwaka 1996 na miaka iliyofuata, waliopotelea ziwani, waliokamatwa mashambani kubebeshwa mizigo na hawakuonekana tena. Wengine kati yenu walisema tulifunge hilo la pili. Walisema karatasi ni franga, safari za karani ni franga, na aliyekufa amekufa.

La pili ni wale vijana waliotoka porini, waliobeba bunduki, na sasa wanaomba kuandikwa katika daftari la kwanza. Mama mmoja alisimama hapa akasema: wakiingia hao, mimi natoka. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile.

Wiki ile ile tulipata mgeni kutoka upande wa wafadhili, Mjerumani. Tulimwonyesha stoo, tukamwonyesha ofisi. Mbele ya daftari la pili alisimama muda mrefu. Akauliza juu ya nini upande wa kulia wa kila ukurasa uko mtupu. Tukamwambia: ni nafasi ya habari, kama siku moja itakuja. Akanyamaza, kisha akasema babu yake naye ameandikwa katika daftari la namna hii huko kwao, na upande wa kulia uko mtupu tangu mwezi wa kwanza 1943. Alikuwa askari wa Jeshi la Sita.

Alipokwenda tulianza kuuliza na kusoma juu ya jeshi hilo. Tulifikiri tutakuta habari ya njala na baridi tu. Tumekuta mengine pia, na tutayasema yote, hata mbele ya wafadhili.

Kwanza mfahamu neno lenyewe. Wajerumani waligawa nguvu zao za vita kwa majeshi yenye namba. Jeshi moja lilikuwa na divisheni nyingi, na divisheni moja ilikuwa na watu elfu kumi na zaidi, pamoja na wapishi, waganga, washona viatu, wachunga farasi na mapadri. Ni sawa mji mzima unaotembea. Jeshi la Sita liliundwa mwezi wa 10 mwaka 1939, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa Jenerali Walther von Reichenau.

Na hapa wazee wetu watashangaa kidogo. Jeshi hilo ndilo lililoingia Ubelgiji mwezi wa 5 mwaka 1940. Tarehe 28 mwezi ule mfalme Leopold wa Tatu aliweka silaha chini, na aliyepokea karatasi ya kusalimu amri ni huyo Reichenau. Ubelgiji ilikamatwa, lakini Congo haikukamatwa. Gavana Ryckmans aliiweka upande wa Waingereza, na wazazi wa wazazi wetu wakaambiwa kuna kazi ya vita: mpira, madini, siku za lazima. Wale waliosikia habari za vita ya 40–45 kutoka kwa babu zao wanajua tunasema nini. Basi lile jeshi la mbali halikuwa mbali kabisa.

Mwaka 1941 lilitumwa mashariki, Ukraine. Tutakaa hapa kidogo, juu wengi wanaosimulia Jeshi la Sita huruka mwaka huu na kukimbilia Stalingrad.

Mwezi wa 8, katika mji wa Bila Tserkva, watu wa polisi ya siri waliua Wayahudi wakubwa, wanaume kwa wanawake. Watoto wao, karibu 90, wengine wachanga, walifungiwa ndani ya nyumba bila chakula wala maji. Askari waliokuwa karibu walisikia kilio, wakawaambia mapadri wa jeshi. Habari ikafika kwa ofisa mmoja wa divisheni ya 295, Helmuth Groscurth. Yeye akasimamisha jambo, akaandika, akapeleka swali juu mpaka kwa Reichenau mwenyewe. Jibu la Reichenau lilikuwa kwamba kazi iendelee. Watoto wakauawa.

Tarehe 19 mwezi wa 9 jeshi likaingia Kyiv. Siku chache baadaye matangazo yakabandikwa ukutani: Wayahudi wote wafike mahali fulani, saa fulani, na vitambulisho, na pesa, na nguo za baridi. Matangazo yalichapwa na kikosi cha Jeshi la Sita. Sisi hapa tunajua tangazo la namna hiyo linavyosomeka. Mtu akiambiwa abebe kitambulisho na nguo, anafikiri anapelekwa kambi fulani. Waliofika walipelekwa kwenye bonde linaloitwa Babi Yar, na kwa siku mbili, tarehe 29 na 30, wauaji wenyewe waliandika hesabu yao: watu 33,771. Waliopiga risasi walikuwa watu wa polisi ya siri na mapolisi wengine. Waliofungua njia na kutoa msaada walikuwa jeshi.

Tarehe 10 mwezi wa 10 Reichenau akatoa amri ya maandishi kwa askari wake. Aliwaambia wakubali mauaji ya Wayahudi kuwa ni haki, na aliwaambia kwamba kumpa chakula cha jikoni la jeshi mwenyeji au mfungwa asiyefanya kazi ya jeshi ni huruma isiyo na maana. Shikeni neno hilo la chakula, tutalirudia.

Reichenau alikufa mwezi wa kwanza 1942, kwa ugonjwa, si kwa risasi. Aliyechukua nafasi yake ni Friedrich Paulus, mtu wa ramani na karatasi, ambaye hakuwahi kuongoza jeshi kubwa namna hiyo. Mwezi wa 6 wakaanza kwenda upande wa mto Don, na tarehe 23 mwezi wa 8 wakafika mto Volga, kaskazini ya Stalingrad. Siku ile ile ndege zilichoma mji, na mji ulikuwa umejaa watu, juu serikali ya Stalin haikuwa imewahamisha. Maelfu walikufa. Waliobaki walichimba mashimo katika kingo za mabonde, wakaishi humo na watoto, katikati ya majeshi mawili.

Mapigano ya nyumba kwa nyumba tunayapita. Filamu zimeyasema sana.

Kuanzia tarehe 19 mwezi wa 11 Warusi walivunja pande mbili za nyuma, pale walipowekwa Waromania wenye silaha chache, na kwa siku tano wakafunga duara. Ndani yake kulibaki watu zaidi ya 250,000. Hitler akakataza kutoka. Göring, mkubwa wa ndege, akaahidi kulilisha jeshi lote kwa ndege. Hesabu ilikuwa kwamba kuishi tu kunahitaji tani 300 kwa siku. Kilichofika, ukigawa kwa siku zote, kilikuwa tani mia moja hivi.

Ninyi mliopanga foleni ya unga kambini mnajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mkate ulikuwa gramu 200 kwa siku, kisha 100, kisha chini ya hapo. Farasi wengi walikuwa wamepelekwa nyuma kabla ya duara kufungwa, waliobaki waliliwa. Mwezi wa 12 askari walianza kufa bila kidonda wala homa, wakianguka tu. Jeshi likaleta kwa ndege daktari wa kupasua maiti aone ni ugonjwa gani. Alikuta mwili usio na mafuta kabisa, moyo umekauka. Ilikuwa njala, lakini wakubwa hawakutaka neno hilo liandikwe.

Na wafungwa wa Kirusi waliokuwa mikononi mwa jeshi hilo, ndani ya duara? Walikaa katika kambi za seng'enge, na hao walianza kukosa chakula kabla ya Wajerumani. Mkumbuke ile amri ya jikoni.

Uwanja wa ndege wa Pitomnik ulianguka tarehe 16 mwezi wa kwanza. Majeruhi kati ya 25,000 na 30,000 walikuwa wamekwisha kutolewa kwa ndege. Babu ya mgeni wetu hakuwa mmoja wao. Barua yake ya mwisho ilitoka siku hizo. Tarehe 31 Paulus alijisalimisha chini ya duka kubwa la mji, siku moja tu baada ya kupewa cheo cha marshali. Upande wa kaskazini ulisalimu tarehe 2 mwezi wa pili 1943.

Sasa tunafika kwenye jambo letu.

Watu 91,000 hivi walikamatwa wakiwa hai. Lakini kabla hawajaisha kukamatwa, Göring alikuwa amekwisha kuwasomea tanzia kwenye redio, na wao wenyewe walimsikia kule ndani. Tarehe 3 redio ya Berlin ilitangaza kwamba jeshi limeanguka likipigana mpaka mwisho. Haikusema kuna wafungwa. Wamama wakavaa nguo nyeusi kwa watoto waliokuwa bado wanatembea. Kadi ambazo wafungwa waliruhusiwa kuandika zilizuiliwa na serikali yao wenyewe. Redio ya Moscow ilisoma majina ya wafungwa, na kusikiliza redio hiyo kulikuwa kosa la kufungwa. Kuko wamama waliosikiliza usiku, chini ya blanketi, kisha wakawaandikia wamama wengine wasiowajua: mtoto wako yuko hai, nimesikia jina lake.

Wafungwa walifika kambi wakiwa tayari nusu maiti. Tifusi na njala viliwamaliza kwa maelfu katika majuma ya kwanza, na Warusi wenyewe mwaka ule walikuwa na njala. Groscurth, yule aliyeandika juu ya watoto wa Bila Tserkva, alikufa kwa tifusi mwezi wa 4. Askari wadogo walikufa karibu wote. Majenerali, wenye chumba na kitanda, waliishi karibu wote. Katika wale 91,000 walirudi kwao kati ya 5,000 na 6,000. Katika kila mia, sita.

Serikali ya Hitler iliunda Jeshi la Sita jipya mwezi wa 3 mwaka ule ule, namba ile ile, watu wengine. Lile nalo lilivunjwa Romania mwezi wa 8 mwaka 1944. Kuhusu hilo hatuna mengi, ila tulijiuliza mama anayesikia "Jeshi la Sita linasonga" kwenye redio anafikiri nini.

Kurudi kulichukua miaka. Wengine 1948, 1949. Mwaka 1950 Moscow ikasema kazi imeisha, wote wamerudi. Haikuwa kweli, wengine walibaki, wamehukumiwa kama wahalifu wa vita, wengine kwa haki, wengine kwa kesi ya dakika chache. Mwaka 1955 Adenauer, mkubwa wa serikali ya Ujerumani Magharibi, alikwenda Moscow kuwaomba, na karibu 10,000 wa mwisho wakafika kuanzia mwezi wa 10.

Walipitia kambi ya Friedland. Kwetu ingeitwa kambi ya kupitia, kama pale tulipopigwa muhuri na kupewa ndoo na sabuni. Ilifunguliwa 1945, na kengele ilikuwa inalia kila kundi likifika. Kando ya njia walisimama wamama na wake wakishika mbao zenye picha na jina na namba ya kikosi. Hawakuja kupokea watu wao. Walijua watu wao hawamo katika yale magari. Walikuja kuuliza waliorudi: huyu, umemwona? Uliachana naye wapi?

Hiyo ndiyo sababu tumewachosha kwa maneno marefu. Msalaba Mwekundu wa Ujerumani ulifanya kazi ile ile kwa mpango: kila aliyerudi alikalishwa chini, akaonyeshwa orodha na picha, akaulizwa. Majibu yakaandikwa. Ndiyo namna familia nyingi zilijua. Hakukuwa na njia nyingine. Serikali moja ilidanganya, nyingine ilinyamaza, na habari ya asiyerudi ilikuwa ndani ya kichwa cha aliyerudi.

Na waliorudi hawakuwa wote watu wa kupigiwa kengele. Ndani ya magari ya 1955 alikuwamo Carl Clauberg, daktari aliyewaharibu uzazi wanawake katika kambi ya Auschwitz. Alishuka pamoja na wengine. Walionusurika walipiga kelele, akakamatwa mwezi uliofuata, akafa 1957 kabla ya kesi. Watu wa kile kikosi cha Babi Yar walihukumiwa Darmstadt mwaka 1968, wachache. Maofisa wa Jeshi la Sita waliotoa msaada hawakuwa katika kesi ile.

Waliorudi walikuwa na chama chao, kilichoanza 1950, upande wa magharibi tu. Upande wa mashariki serikali haikuruhusu vyama kama hivi. Kilifanya mengi tunayoyafanya sisi: wajane, kazi, mahali pa kulala, kudai sheria ya malipo, ambayo ilipatikana 1954, kwa hesabu ya miezi ya ufungwa. Tunakiheshimu kwa hayo. Lakini mambo ya Ukraine ya 1941 hayakusemwa sana katika nyumba za waliorudi. Stalingrad ilisemwa, Babi Yar hapana. Mwaka 1995 watu walifungua maonyesho Hamburg ya picha na karatasi za uhalifu wa jeshi, na sehemu moja nzima ilikuwa ya Jeshi la Sita. Familia nyingi zilikasirika. Kweli kulikuwa na picha zilizoandikwa vibaya, maonyesho yakasimamishwa 1999, yakatengenezwa, yakafunguliwa tena 2001. Karatasi zikabaki karatasi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50, na wengi wa kuulizwa walikuwa wamekufa.

Upande wa Warusi ulikuwa mbaya zaidi kwa anayerudi. Wafungwa wao waliokamatwa na Wajerumani walikuwa zaidi ya milioni 5, na zaidi ya milioni 3 walikufa. Waliorudi walihojiwa katika kambi za uchunguzi, na miaka mingi baadaye, kwenye karatasi ya kuomba kazi, kulikuwa na swali: uliwahi kukamatwa na adui? Tunaona wengine mnacheka. Ndiyo, tunajua: "Miaka ile yote ulikuwa upande gani?"

Kuko kundi moja la mwisho, na komite ilibishana juu yake usiku mzima. Ndani ya Jeshi la Sita kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu wa nchi ile ile, Warusi na Waukraine, waliobeba risasi, waliopika, waliochunga farasi. Wengine walilazimishwa, wengine walikimbia njaa ya kambi ya wafungwa, wengine walipenda. Duara lilipofungwa nao walibaki ndani. Wajerumani hawakuwaandika kama watu wao, na kwa Warusi walikuwa wasaliti. Hakuna aliyesimama Friedland na picha ya mtu wa namna hiyo.

Babu ya mgeni wetu amechongwa jina lake. Karibu na Volgograd, mahali panaitwa Rossoschka, kuko makaburi ya Wajerumani yaliyofunguliwa 1999, na mawe makubwa yenye majina zaidi ya 100,000 ya waliopotea. Ng'ambo ya barabara kuko makaburi ya askari Warusi. Wale wabeba mizigo hawana jiwe upande wowote.

Basi komite inaleta mbele yenu mambo haya, na kura itapigwa leo.

Daftari la pili lisifungwe. Franga za safari ya karani tutazitoa kwenye mchango wa wanachama, si kwa wafadhili, ili asiwepo mtu wa kutuambia lifungwe.

Vijana waliotoka porini waandikwe, lakini si katika daftari la kwanza kabla ya kukaa mbele ya daftari la pili. Waje mmoja mmoja. Wasomewe majina, waonyeshwe picha. Waseme walikuwa wapi mwaka gani, na nani walimwona. Atakayekataa kukaa hatuandiki, hata kama jamaa yake yuko katika komite. Na kinachosemwa juu ya kosa la damu hakiishii kwetu. Kuko mahali pa kukipeleka, na sisi si tribinali. Yule mama aliyesema atatoka tumemtembelea nyumbani. Hajakubali. Amesema atakuja siku ya kusoma majina, akae mlangoni, juu majina mawili ni ya kwake.

Wale waliobebeshwa mizigo na kikundi chochote, hata kile tunachokichukia, waandikwe katika daftari la pili kama wengine wote.

Karani anakaa ofisini kila siku ya soko, asubuhi mpaka saa nane. Leteni picha kama mko nazo, na jina la utani, na jina la kijiji cha mwisho mlipoachana. Picha hatubaki nazo. Tunazipiga kwa simu na kuwarudishia pale pale.